Ramani Inapokosea: Kutafuta Kasoro Kabla ya Kurekebisha

Zahanati inaweza kuhudumia kijiji kwa miaka ishirini na bado isionekane kwenye simu ya dereva wa ambulensi. Au inaonekana, lakini ng'ambo ya mto. Au iko mahali pake sawasawa, ila simu inamwambia dereva azunguke kilomita nane ili afike kwenye geti analoliona kwa macho. Haya ni makosa matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake. Mkazi anayejua kuyatofautisha anaweza kuyarekebisha mwenyewe bila malipo na bila kusubiri mtaalamu kutoka Nairobi, kwa sababu programu nyingi za simu zinatumia ramani huria ambayo mtu yeyote mwenye akaunti anaruhusiwa kuihariri.

Ramani hiyo inaitwa OpenStreetMap. Ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, na leo inachorwa na watu wa kujitolea duniani kote. Hapa Kenya ilipata sifa mwaka 2009, vijana wa Kibera walipofundishwa kutembea na vifaa vya GPS na kuchora mtaa wao, ambao hadi wakati huo ulikuwa karibu mtupu kwenye ramani za mtandaoni. Mashirika ya misaada, yakiwemo ya Msalaba Mwekundu na Madaktari Wasio na Mipaka, huitumia kupanga kampeni za chanjo na kuwafikia watu waliozingirwa na maji.

Kwa kuwa ramani ni ya wote, kosa la mmoja pia huwafikia wote. Anayeirekebisha kwa haraka akidhani kasoro iko hapa, kumbe iko pale, huharibu kazi ya mwenzake, na kosa jipya husambaa kwenye simu za watu wasiomjua. Somo hili linahusu hatua inayorukwa na wengi: kujua kasoro iko wapi hasa kabla ya kugusa chochote.

Ramani imekosea, au ni simu?

Kinachoonekana kwenye kioo cha simu si ramani yenyewe. Nyuma yake kuna hazina moja kubwa ya data iliyohifadhiwa kwenye seva. Kutokana na data hiyo hutengenezwa picha za mraba zinazopangwa kama vigae vya sakafu, na kila programu huchukua nakala yake kwa wakati wake. Mkazi akiongeza kisima leo asubuhi, data hubadilika papo hapo. Vigae vya ramani ya kawaida kwenye tovuti ya OpenStreetMap hufuata, mara nyingi baada ya dakika chache ramani ikikuzwa, ila picha ya mbali inayoonyesha eneo zima la kaunti huchelewa zaidi. Programu kama OsmAnd na Organic Maps, zinazofanya kazi bila intaneti, hutegemea faili iliyopakuliwa kwenye simu, na faili hizo kwa kawaida hutolewa upya takriban mara moja kwa mwezi. Simu ambayo haijasasishwa tangu mwaka jana inaonyesha kaunti ya mwaka jana.

Hapa ndipo matatizo mengi huanzia. Kijana anaongeza kisima Jumatatu, Jumanne anafungua simu na hakioni, anakiongeza tena. Alhamisi mwenzake naye hakioni, anakiongeza mara ya tatu. Mwezi ukiisha simu zinasasishwa, na visima vitatu vinajitokeza mahali penye kimoja. Afisa wa maji anayehesabu visima kutoka kwenye ramani ataandika vitatu.

Dawa ni kuangalia data yenyewe badala ya picha. Katika openstreetmap.org, upande wa kulia wa ramani kuna kitufe chenye mshale na alama ya kuuliza. Mtu akikibonyeza kisha akabonyeza mahali anapopachunguza, ataona orodha ya vitu vyote vilivyorekodiwa hapo. Kila kitu kina ukurasa wake unaoonyesha sifa zake, namba ya toleo, nani alikibadilisha mwisho na lini. Kisima kikiwa kwenye orodha hiyo, data iko sawa na hakuna cha kurekebisha. Kilichobaki ni kufuta kumbukumbu ya muda ya kivinjari (kwenye kompyuta, kushikilia Ctrl na kubonyeza F5 mara nyingi hutosha), au kupakua upya faili ya ramani kwenye simu, ikiwezekana penye WiFi ili bando isiishe.

Kisima kikikosekana kwenye orodha, hatua inayofuata ni kufungua historia ya akaunti iliyotumika na kuona kama kazi ilipakiwa kweli. Wengi huchora, wakafunga kivinjari, wakasahau kubonyeza kitufe cha kuhifadhi.

Ikumbukwe pia kwamba hakuna ramani inayochora kila kitu kilichomo kwenye data. Waliotengeneza kila programu walichagua cha kuonyesha na cha kuacha, la sivyo kioo kingejaa alama hadi barabara zipotee. Kitu kinaweza kukosekana kwenye programu moja na kuonekana kwenye nyingine, na data isiwe na kosa lolote.

Neno moja linalopoteza zahanati

Kila kitu kwenye ramani hii ni nukta, mstari, au kundi la vitu hivyo, pamoja na lebo zinazoeleza ni nini. Lebo ina pande mbili, aina na thamani, na huandikwa kwa Kiingereza cha herufi ndogo ili programu za nchi zote zielewane. Hospitali ni amenity=hospital. Zahanati na kituo cha afya kwa kawaida huandikwa amenity=clinic. Duka la dawa ni amenity=pharmacy.

Kosa la kawaida hapa kwetu linatokana na jinsi tunavyozoea kuziita huduma zetu. Nchini Kenya, zahanati ya ngazi ya 2 huandikwa Dispensary kwenye kibao chake. Mkazi anayechora kwa nia njema anaandika amenity=dispensary. Seva inapokea, kwani haikatai neno lolote, na kazi inaonekana imekamilika. Lakini programu za simu hazilitambui neno hilo. Zahanati imo kwenye data, ila anayetafuta huduma ya afya iliyo karibu haletewi. Wengine huchagua pharmacy kwa kuwa kwa Kiingereza maneno hayo yanakaribiana, na hilo ni baya zaidi, maana mama mwenye uchungu wa uzazi anaelekezwa kwenye duka la dawa.

Herufi kubwa nayo huleta shida. Kwa kompyuta, Clinic na clinic ni maneno mawili tofauti. Vilevile nafasi iliyoachwa mwisho wa neno kwa bahati mbaya, ambayo jicho haliioni. Njia nyepesi ya kuepuka haya ni kuchagua aina ya kitu kutoka kwenye orodha ya kihariri badala ya kuandika lebo kwa mkono. Kwa anayeanza kabisa, programu ya StreetComplete ya simu za Android huuliza maswali mafupi kuhusu mahali ulipo na kuandika lebo yenyewe.

Jina ni kile kilichoandikwa kwenye kibao au kile watu wanachopaita mahali hapo. Sehemu ya jina si pa kuandikia maelezo kama "zahanati mbovu" au "imefungwa". Zahanati ikifungwa na jengo likabaki, lebo hubadilishwa kuwa disused:amenity=clinic. Hapo programu huacha kuwaelekeza wagonjwa huko, na kumbukumbu ya jengo haipotei.

Barabara zinazogusana kwa macho tu

Hili linastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndilo linalowapoteza madereva wengi na ndilo gumu zaidi kulitambua.

Kamba mbili zikilazwa moja juu ya nyingine mezani, anayezitazama kutoka mbali atasema zimeungana. Ukivuta moja, nyingine haifuati, kwa sababu hakuna fundo. Barabara kwenye ramani ziko hivyo hivyo. Ili programu ijue kwamba gari linaweza kutoka barabara kuu na kuingia ya kijiji, mistari miwili lazima itumie nukta moja kwa pamoja. Kama mchoraji aliishia nusu mita kabla ya barabara kuu, jicho linaona njia panda, ila programu inaona ukuta. Dereva anaambiwa azunguke, au anaambiwa hakuna njia.

Kutafuta mahali fundo linapokosekana kuna mbinu isiyohitaji utaalamu. Tovuti ya OpenStreetMap ina sehemu ya maelekezo ya safari. Mchunguzi aweke mwanzo wa safari kwenye barabara kuu na mwisho kwenye geti la zahanati. Njia ikizunguka bila sababu, ausogeze mwisho wa safari kidogo kidogo kurudi kuelekea barabara kuu, akitazama mstari wa njia kila mara. Itafika nukta ambapo njia inaacha kuzunguka ghafla na kunyooka. Kasoro iko kati ya nukta hiyo na ile iliyotangulia, na mara nyingi ni kipande cha mita chache tu. Hapo akuze ramani hadi mwisho, afungue kihariri, na abonyeze ncha ya barabara aone kama imefungwa kwenye nyingine. Kihariri cha iD, kinachofunguka ndani ya kivinjari, kina orodha ya maonyo inayotaja barabara zilizokaribiana bila kuungana. JOSM, programu ya kompyuta inayopendwa na waliobobea, ina kikaguzi kinachofanya kazi hiyo hiyo kwa undani zaidi.

Fundo likiwepo na njia bado inazunguka, sababu huwa kwenye lebo. Barabara imeandikwa oneway=yes ilhali magari hupita pande zote. Geti la kituo cha afya limeandikwa access=private, labda na mtu aliyeona askari mlangoni, na programu ikaelewa kwamba umma hauruhusiwi. Au barabara ya murram inayopitika na gari imeandikwa highway=path, yaani kijia cha miguu.

Kosa la kinyume ni la hatari zaidi. Kuna anayeona njia inazunguka mto, akakasirika, akaunganisha barabara za pande mbili ili safari iwe fupi. Kama kuna daraja, kipande hicho huandikwa bridge=yes. Kama magari hupita ndani ya maji au kwenye mchanga wa laga kavu, mahali pa kuvukia huandikwa ford=yes, na mto wenyewe intermittent=yes kama hukauka. Bila lebo hizo, anayesoma ramani kutoka mbali anaona barabara ya kawaida. Wakati wa kiangazi hakuna anayegundua. Mvua ikinyesha, dereva mgeni anayefuata simu usiku anaongozwa moja kwa moja hadi kwenye maji.

Mafuriko yenyewe yana utaratibu wake. Mwezi Novemba 2023, wakati wa mvua za El Niño, daraja la Mbogolo kwenye barabara ya Mombasa hadi Malindi liliharibiwa na maji na barabara ikakatika. Mambo kama hayo yanapotokea, wachangiaji wenye haraka hufuta barabara nzima kwenye ramani. Siku chache baadaye njia ikifunguliwa, jina la barabara, aina ya lami, vituo na viungo vyote vimekwenda na mstari uliofutwa. Kinachotakiwa ni kukata kipande kilichoharibika pekee, kukiandika access=no, kuweka maelezo ya tarehe, na kuwepo mtu wa kuiondoa lebo hiyo kazi ikikamilika. Kufungwa kwa siku mbili tatu hakuingizwi kwenye data kabisa, kwani simu zinazosasishwa kila mwezi zitaipata habari hiyo ikiwa imepitwa na wakati. Habari ya siku mbili ni ya redio na vikundi vya WhatsApp.

Nukta iliyoruka hadi Uhispania

Walimu, wahudumu wa afya ya jamii na vikundi vya vijana hukusanya maeneo kwa simu, wakayaandika kwenye jedwali la kompyuta, kisha wakayapeleka kwenye ramani. Makosa ya hatua hii yana sura zinazotambulika, na anayezifahamu hahitaji kubahatisha.

Mji wa Kilifi uko takriban latitudo -3.63 na longitudo 39.85. Programu nyingine huanza na latitudo, nyingine huanza na longitudo. Namba hizo zikibadilishana nafasi, Kilifi huhamia katikati ya Uhispania, si mbali na mji wa Toledo. Alama ya kutoa ikisahaulika, mahali hapo huruka hadi kaskazini kabisa, karibu na mpaka wa Kenya na Ethiopia, kwa kuwa alama hiyo ndiyo inayosema kusini mwa ikweta. Kisanduku kikiachwa wazi na kompyuta ikajaza sifuri mbili, nukta huangukia baharini katika Ghuba ya Guinea, pale ikweta inapokutana na mstari wa Greenwich. Wachora ramani hupaita Kisiwa cha Null kwa utani, na shule nyingi za dunia zimewahi kuandikishwa huko.

Kuna kosa la digrii na dakika. Kifaa kinaonyesha nyuzi 3 na dakika 38 kusini, na mwandishi anaandika 3.38. Dakika ziko 60 katika digrii moja, kwa hiyo jibu sahihi ni 3.63. Tofauti hiyo ndogo kwenye karatasi ni kilomita 28 hivi ardhini. Jedwali nalo likipunguza tarakimu baada ya nukta hadi mbili, usahihi hushuka hadi kilomita moja, na nyumba zote za kijiji hurundikana mahali pamoja. Tarakimu tano hutosha, maana ya tano ni kama mita moja.

Pengine kila nukta imekaa kando kwa umbali ule ule na upande ule ule. Hapo kosa si la mwandishi. Karatasi za zamani za Survey of Kenya zilitengenezwa kwa mfumo wa Arc 1960, wakati GPS hutumia WGS 84, na kati ya mifumo hiyo kuna tofauti ya takriban mita 300 katika nchi yetu. Anayenakili namba kutoka karatasi ya zamani bila kuzigeuza atapeleka shule zote za wadi shambani kwa jirani. Asizisogeze moja moja kwa mkono. Programu ya QGIS, ambayo ni ya bure, huzigeuza zote kwa pamoja mradi iambiwe mfumo wa mwanzo ni upi.

Nukta moja peke yake ikiwa kando, chanzo mara nyingi ni mazingira. Simu ikiwa mahali wazi hukosea kwa mita chache. Chini ya mwembe mkubwa, au katikati ya vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa, hukosea zaidi sana. Kusubiri dakika moja hadi kipimo cha usahihi kitulie kabla ya kurekodi huondoa sehemu kubwa ya tatizo hili.

Picha ya setilaiti nayo ina makosa

Wachoraji wengi huchora juu ya picha za setilaiti, kama zile za Bing na Esri zilizoruhusiwa kwa kazi hii. Picha hizo zina umri, na nyingine zina miaka kadhaa. Nyumba isiyoonekana kwenye picha inaweza kuwa imejengwa baada yake, na mchoraji aliyeko Ulaya asiyejua hilo anaweza kuifuta akiamini anasafisha ramani. Mkazi anayeongeza jengo jipya hufanya vyema kuandika katika maelezo ya mabadiliko kwamba ameliona kwa macho, pamoja na tarehe. Mstari huo mmoja huliokoa jengo.

Picha pia huweza kukaa kando ya mahali halisi kwa mita kadhaa, hasa kwenye milima kama Taita, ambapo mteremko huivuta. Mchangiaji mpya akibadilisha picha ya nyuma huona barabara zote zimehama na kuanza kuzisogeza. Asubiri kwanza. Alinganishe na njia za GPS zilizopakiwa na watu wengine, ambazo kihariri kinaweza kuzionyesha. Njia nyingi za GPS zikikubaliana na barabara zilizochorwa, picha ndiyo iliyohama, na vihariri vina sehemu ya kuisogeza picha bila kugusa data.

Watu wawili kwenye mstari mmoja

Mafunzo ya kuchora ramani hufanyika ukumbini, vijana ishirini kwenye mtandao mmoja, wote wakihariri wadi ile ile. Mchana kunatokea ujumbe kwamba kuna mgongano. Maana yake ni kwamba barabara ambayo mtu alianza kuihariri saa tatu ikiwa toleo la 4, mwenzake ameshaipakia kama toleo la 5. Seva inakataa kazi ya aliyechelewa isije ikafuta ya aliyetangulia.

Kihariri humwonyesha matoleo mawili, lake na la mwenzake, na kumtaka achague. Kishawishi ni kuchagua "langu" kwa yote ili amalize haraka, na hapo kazi ya mwenzake inafutika bila yeye kujua. Aangalie moja moja, na kama mwenzake yuko meza ya pili, amwulize. Kinga yake ni kugawana eneo tangu asubuhi kwa mipaka inayoonekana, kama barabara au mto, na kupakia kazi kidogo kidogo kila baada ya nusu saa badala ya kusubiri jioni.

Mtandao ukikatika katikati ya kupakia, kuna mtego unaowanasa hata wazoefu. Kazi imefika kwenye seva, ila jibu la kuthibitisha halikurudi. Kompyuta inasema imeshindwa. Mchoraji anapakia tena, na nyumba mia mbili zinakuwa mia nne, kila moja juu ya pacha wake, bila jicho kuona tofauti. Kabla ya kupakia mara ya pili, afungue historia ya akaunti yake kwenye tovuti. Mabadiliko yakiwepo, asirudie. Apakue data upya na kuendelea kutoka hapo. Nyumba zikiwa zimeshajirudia, kikaguzi cha JOSM huzitambua.

Anayefanya kazi kwenye cyber awe mwangalifu zaidi. Kihariri cha iD huhifadhi kazi isiyopakiwa ndani ya kivinjari cha kompyuta ile ile, na kompyuta nyingi za cyber hufutwa kumbukumbu kila mteja anapoondoka. Hapo kazi ikishapotea haipatikani tena.

Orodha kubwa, hakimiliki na vitu vilivyofutwa

Kupakia orodha nzima ya shule au visima kwa mkupuo mmoja si jambo la mtu binafsi kuamua usiku mmoja. Jumuiya ya OpenStreetMap inataka mpango kama huo uelezwe na kujadiliwa kwanza, na mwenye data awe ametoa ruhusa inayoafikiana na leseni ya ramani. Kunakili kutoka Google Maps hakuruhusiwi hata kwa jina moja la mtaa. Kazi iliyonakiliwa ikigunduliwa huondolewa yote, pamoja na sehemu zilizokuwa sahihi. Majina ya wenye nyumba na namba zao za simu hayaingizwi kwenye ramani.

Kitu kilichofutwa kimakosa kisichorwe upya. Historia yake yote bado imehifadhiwa, na mchangiaji mzoefu anaweza kukirejesha kama kilivyokuwa, pamoja na lebo na viungo vyake. Pakiwa na ubishi kuhusu jina au njia, kilichopo ardhini ndicho kinachofuatwa, na mjadala hufanyika kwenye sehemu ya maoni ya mabadiliko husika. Wanaoendelea kufutana huishia kwa kikosi cha OpenStreetMap kinachosuluhisha migogoro ya data, chenye uwezo wa kufunga akaunti.

Mkazi asiye na muda wa kujifunza kuhariri anaweza kuacha ujumbe juu ya ramani, mahali penye tatizo, ili mwingine aufanyie kazi. Ujumbe unaosema "ramani imeharibika" haumsaidii yeyote, kwa kuwa atakayeusoma hajui kama ni simu, lebo au barabara. Unaofaa hutaja kilichoonekana, kilichotarajiwa, programu iliyotumika, tarehe, na kama mwandishi alifika mwenyewe. Kwa mfano: "Barabara ya murram kutoka sokoni kwenda zahanati haipitiki kwa gari tangu tarehe 12 Novemba. Kalvati limesombwa na maji. Pikipiki zinapita kando upande wa shule. OsmAnd bado inaelekeza magari hapa. Nimefika na kuona leo asubuhi."